Gombani hadi Vumawimbi kwa miguu: Beki anayekimbizana na gari ya mwisho

Na Mwandishi Wetu, Pemba

DEREVA wa teksi alinitajia bei, nikamwomba airudie nikidhani sijasikia vizuri. Akairudia ile ile. Ilikuwa inakaribia posho yangu ya siku mbili, na posho yenyewe nilishaanza kuila kabla haijaingia.

Ilikuwa asubuhi, Chake Chake. Mechi iliyonileta Pemba ilikuwa imechezwa jana yake Uwanja wa Gombani, stori nilishaituma Dar, boti yangu ilikuwa ya kesho. Nina siku nzima mkononi, hakuna mazoezi ya kuangalia wala kocha wa kumvizia mlangoni. Nimekuja Pemba mara tatu kikazi na kusema ukweli nilichokuwa nakijua ni barabara ya Mkoani hadi Chake, jukwaa la Gombani na muuza pweza mmoja. Safari hii nikajiapiza, lazima nifike Vumawimbi.

Nyie mliovuka maji Januari 2025 kuja kuiona Zanzibar Heroes ikiichapa Burkina Faso 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi, nadhani mnanielewa. Mlifika, mkashangilia hadi sauti zikakauka, mkalala, mkarudi bandarini. Kisiwa mlikiona kupitia dirishani. Silaumu mtu, hata mimi ndivyo nilivyokuwa.

Vumawimbi iko juu kabisa, kaskazini mwa kisiwa, upande wa pili wa Msitu wa Ngezi. Ni ufukwe wa mchanga mweupe, kama kilomita mbili hivi, umejipinda kama upinde. Mwenye gari anatoka Chake, anafika, anapiga picha zake, anawahi kurudi. Asiye na gari ana hesabu nyingine kabisa.

GARI YA KONDE

Hesabu inaanzia stendi. Unauliza gari ya Konde, unaonyeshwa, unapanda nyuma na kukaa kwenye benchi mkitazamana, magoti kwa magoti. Mbele yangu alikaa mama mmoja na gunia lake. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akalisukuma gunia kwa mguu ili nipate pa kuweka begi. Ndani ya dakika kumi gari nzima ilishajua natoka Bara, naandika habari za mpira, na sina mke.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Pembeni mwa barabara zilikuwa zimeanikwa kwenye mikeka, nyekundu zikielekea kuwa nyeusi, na gari ikipunguza mwendo harufu inaingia ndani kama mtu amefungua kabati la bibi. Sijawahi kupanda daladala inayonukia vizuri kiasi kile. Ukitoka Ubungo utanielewa.

Utingo, ambaye sisi Dar tunamwita konda, aliponiuliza nashukia wapi nikamwambia Konde, halafu natembea hadi Vumawimbi. Akanitazama viatu kwanza.

“Kwa miguu? Kwenda utakwenda tu, kaka. Kurudi ndiyo kazi. Baada ya Alasiri gari zinapungua. Magharibi ikikukuta Konde hujapanda, basi umelala Konde.”

Nikacheka. Nikaiandika kwenye daftari nikiichukulia kama utani mzuri wa kuanzia makala.

CHAI NA BEKI WA KUSHOTO

Konde ni mwisho wa mambo. Barabara ya lami yenye magari ya uhakika inaishia pale, ya kwenda mbele ni ya kubahatisha. Nikaingia kibandani kunywa chai ya rangi na maandazi kabla ya kuanza kutembea, na pale ndipo nilipomwona. Kijana mwembamba, kashika kikombe kwa mikono miwili, mfuko wa rambo miguuni, na kamba ya kiatu cha mpira imechungulia nje ya mfuko.

Mwandishi wa mpira akiona njumu hawezi kunyamaza. Nikamuuliza anacheza namba ngapi.

“Tatu, kaka.”

Beki wa kushoto. Ana miaka 19, kwao Makangale, huko huko ninakokwenda. Nikamuuliza mbona yuko Konde asubuhi yote ile na njumu kwenye mfuko, anakwenda au anarudi? Akasema anarudi. Kutoka wapi? Chake. Lini? Jana.

Iko hivi. Timu moja ya Ligi Kuu ya Zanzibar ilikuwa inafanya majaribio ya wachezaji Chake kwa siku tatu, kila siku jioni baada ya Alasiri. Siku ya kwanza alicheza vizuri, lakini dakika kama 15 kabla ya filimbi ya mwisho akaomba ruhusa akaondoka, awahi gari. Siku ya pili, ambayo ndiyo jana, kocha akamuuliza mbele ya wenzake: “Wewe, leo tena unawahi wapi?” Wenzake wakacheka. Akaamua kubaki hadi mwisho. Alipofika stendi gari za Konde zilikuwa zimekwisha. Akadandia ya mtu aliyekuwa anapeleka mzigo, akashushwa Konde usiku, akalala kwenye kibanda cha fundi baiskeli anayemfahamu.

“Kwa nini hukuendelea hadi nyumbani?”

“Kaka, Ngezi usiku hapapitwi.”

Jina lake silitaji. Sababu mtaiona mbele.

NDANI YA NGEZI

Tulianza kutembea mnamo saa tatu na nusu. Nilitaka kuchukua bodaboda tugawane, nikadhani nafanya jambo la maana. Akakataa kwa adabu. Nauli ya Konde hadi Chake anayo ya kesho, kwenda tu. Akizoea boda siku ambayo kuna mtu wa kumlipia, alisema, miguu itadai boda hata siku ambayo hayupo. Sikuwa na jibu. Tukaenda kwa miguu, kama nilivyokuwa nimepanga mwenyewe kabla sijaingiwa na uvivu.

Kutoka Konde unapita mashamba na nyumba, watoto wanakusalimia, jua linakuchoma shingo. Baadaye, ghafla tu, unafika kwenye geti la msitu. Pale simama, salimia, andika jina lako kwenye kitabu, lipa cha kulipa. Usijifanye mwenyeji.

Ukishalipita geti, kiyoyozi kinawashwa. Sijui niseme vipi tena. Miti ya Ngezi ni mirefu mno, imefunga juu kama paa la jukwaa kuu, na barabara inapita chini yake ikiwa na kiza saa nne asubuhi. Ardhi imelowana. Unasikia ndege usiowaona. Zamani misitu ya namna hii ilifunika sehemu kubwa ya Pemba, mikarafuu na mashamba vikaila, huu ni mmoja wa michache iliyobaki.

Kijana wangu aliniambia nitazame juu, nikawaona popo. Jamani, siyo hawa wa dari la shule. Popo wa Pemba ana kichwa kama cha mbweha, manyoya yenye wekundu, na akitanua mabawa ni zaidi ya mita moja. Anakula matunda, na duniani kote hapatikani porini isipokuwa kisiwa hiki. Kuna kipindi aliwindwa kwa kitoweo hadi akakaribia kutoweka, ndipo vijiji vyenyewe vikaanza kumlinda. Wapo pia kima punju, lakini wao ni wageni kama mimi, waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Nikasema basi hao ni usajili wa dirisha dogo. Kijana akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

Nilimuuliza Ngezi usiku kuna nini hasa. Nyoka? Akatikisa kichwa. Majini? Akatikisa tena, safari hii polepole. “Wazee wanasema hapapitwi. Mama kasema nisipite. Basi sipiti.” Nimesikia mengi kuhusu Pemba na mambo yake, hasa kutoka kwa watu wa mpira wanaopenda kusingizia uchawi wakifungwa tatu. Lakini pale, chini ya ile miti, mchana kweupe, sikuona cha kubishia. Mimi mwenyewe nisingepita.

Miguu ilianza kuniuma karibu na mwisho wa msitu. Yeye alikuwa anatembea mbele yangu kwa mwendo ule ule aliotoka nao Konde, mfuko wa rambo ukigonga paja, na ndipo hesabu ikaniingia. Kutoka Konde hadi kwao ni saa mbili na zaidi. Kutoka Konde hadi Chake ni gari. Kijana huyu akienda mazoezini anatumia muda mwingi njiani kuliko anaoutumia uwanjani, na anafika mazoezini akiwa ameshafanya mazoezi.

Mbele ya msitu kuna mashamba ya mpira. Mpira wa utomvu, miti imechanjwa na kufungwa vikombe. Nilipata kichwa cha habari pale pale, nikakiacha kwa sababu kila mwandishi anayepita lazima anakipata.

UMELALA WAPI

Nyumbani kwao tulikaribishwa barazani. Mama yake alitoka, na kabla hata hajamaliza kuitikia salamu yangu akamgeukia mwanawe.

“Umelala wapi?”

“Konde, mama. Kwa fundi.”

“Umekula?”

“Nimekula.”

Jana usiku hakula, aliniambia mwenyewe njiani. Asubuhi alikula andazi moja kwa chai, na la pili nililazimisha. Mama akamtazama kidogo, hakusema neno, akaingia ndani akatoka na muhogo wa kuchemsha na samaki wa kuchoma, akaweka katikati yetu. Mimi nilikuwa na chupa ya maji na biskuti kwenye begi, nikaona aibu hata kuzitoa.

Baada ya Adhuhuri akanipeleka ufukweni.

BAHARI NDIYE MWAMUZI

Vumawimbi unaisikia kabla ya kuiona. Jina limejieleza lenyewe. Unapita minazi na vichaka, mlio unakua, halafu ardhi inakwisha na mbele yako kuna weupe ambao macho yaliyotoka msituni hayawezi kuuzoea mara moja. Hakuna kelele za muziki, hakuna viti vya kukodi. Kulikuwa na dago la wavuvi, vibanda vya makuti, ngalawa zimepandishwa juu, nyavu zimetandazwa. Nilihesabu watu upande wote wa kulia nikapata saba, na ng'ombe.

Nilivua viatu, nikaoga nguo zikiwa mwilini. Na hapo niwaambie, Pemba siyo pa kutembea kifua wazi mbele ya watu, ukitoka majini vaa, ukipita kijijini vaa zaidi. Nikalala mchangani dakika 20 za usingizi mtamu kuliko wa gesti yangu yote ya usiku.

Niliamshwa na mpira. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga wa chini umeachwa mgumu na laini kama kapeti, na vijana wa kijiji walishachomeka makasia manne kuwa magoli. Saba kwa saba, pekupeku. Saa ya refa hakuna. Mchezo unakwisha maji yakirudi na kugusa kasia la kwanza.

Kijana wangu hakutaka kucheza, ana majaribio kesho. Alisimama nusu dakika. Kisha akaingia.

Sasa nimwache yule wa njiani, niwaambie habari za mchezaji. Mguu wake wa kushoto ni wa kweli. Anapokea akiwa ameshafungua mwili, hatazami chini, na krosi yake inatoka ikiwa chini, kali, inayotaka mtu wa kuigusa tu. Kukaba yuko vizuri mtu kwa mtu, anasubiri, haendi chini hovyo. Ila ana tatizo moja ambalo kocha yeyote ataliona. Anaachia mpira mapema mno. Ana nafasi ya kupiga hatua tatu, yeye anapiga moja anatoa. Nilimtazama mara nne, tano, kila safari hivyo hivyo, na kati ya pasi moja na nyingine anageuza uso kuangalia jua limefika wapi. Anacheza kama mtu anayeogopa kuachwa na gari.

Pembeni yangu alikuwa amekaa mzee mmoja anashona wavu. Nikampa shikamoo, tukazungumza. Aliwahi kucheza golikipa enzi zake.

“Sisi tulikuwa tunatoka hapa alfajiri kwa miguu hadi Wete, tunacheza, tunarudi,” alisema. “Sasa kuna gari, na vijana wanalia mbali.”

Nilipomfikishia kijana maneno hayo wakati wa mapumziko, hakukasirika. Akamwambia yule mzee kwa sauti, akiwa bado anahema: “Babu, nyinyi mlikuwa mnawacheza watu waliokuja kwa miguu kama nyinyi. Mimi nashindana na wanaokaa Chake.”

Mzee akavuta uzi wa wavu kwa meno. “Hilo kweli,” akasema.

Alipokaa karibu yangu kunywa dafu ndipo akaniomba. Hakuomba hela wala viatu, wala nimpigie simu kiongozi yeyote wa timu za Bara, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa yote matatu na majibu yake ninayo, maana tunaombwa kila siku.

“Kaka, wewe unaandika. Andika kwamba siondoki mapema kwa kupenda.”

Nikamwambia nikiandika na jina lake, kocha ataona anasemewa gazetini, itakuwa kesi nyingine. Akafikiri. “Basi andika bila jina. Yeye akisoma atajua.”

Kocha, kama unasoma, unajua.

SAA KUMI NA MOJA

Nilichelewa kuondoka, kosa langu. Mechi ilikuwa 3-3, maji yameanza kupanda, bado kama mita kumi kufika kasia la kwanza. Kila nikisimama nasema shambulizi hili moja tu. Nilipoangalia saa ilikuwa imekaribia kumi jioni. Maneno ya utingo yakanirudia, na safari hii hayakuchekesha.

Sijawahi kuondoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho tangu nianze kazi hii. Siku ile niliondoka. Nilimuaga, akaniambia nisisimame msituni, nikaenda.

Kutembea Ngezi jioni peke yako si kama asubuhi ukiwa na mwenyeji. Ile barabara niliyoisifia ilikuwa ndefu mara mbili. Popo juu walikuwa wameanza kuchangamka, wanapigana kelele. Nilikuwa natembea, kisha natembea haraka, kisha, tusifichane, nakimbia na begi mgongoni, mwanaume mzima mwenye stashahada. Kisigino cha kulia kilishachubuka.

Aliyeniokoa ni muuza samaki wa pikipiki, aliyenikuta karibu na geti. Alikuwa na tenga kubwa nyuma, nafasi iliyobaki haikutosha hata mtoto, lakini akasema “panda, panda,” nikakaa nusu kwenye kiti nusu kwenye tenga. Nilipotoa hela Konde akachukua nusu, nusu akanirudishia.

Gari ilikuwa imewashwa. Ilikuwa ya mwisho. Utingo, yule yule wa asubuhi, alinivuta mkono gari ikiwa tayari inatembea, akaniangalia viatu tena.

“Si nilikwambia kaka?”

Watu wakasogea. Nilikaa nikinuka samaki, naye mzee mmoja akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Vumawimbi, akaniuliza kwani huko kuna nini siku hizi. Nikasema mpira. Akaniuliza nani alishinda, sikuwa na jibu la kumpa.

Basi ukija Pemba na timu yako, fanya hivi. Toka Chake na gari ya kwanza kabisa. Beba maji, vaa viatu unavyovijua. Konde kunywa chai. Usipite geti la Ngezi kimya kimya. Na ukifika ufukweni ukakuta wanacheza, kaa mbali kidogo, kwa sababu ukikaa karibu hutaondoka kwa wakati.

Kesho yake asubuhi nilipanda boti Mkoani. Majaribio yalikuwa jioni, mimi wakati huo nilishafika Unguja nasubiri boti nyingine. Ujumbe uliingia usiku, karibu saa nne.

“Asalaam aleikum kaka. Nimecheza mpaka mwisho. Wamenichukua mwezi mmoja waniangalie. Mazoezi ni kila siku, jioni.”

Nilimpongeza, kisha nikamuuliza amepata pa kulala Chake. Hadi tunakwenda mitamboni alikuwa hajajibu.